Jino Lililongoja Sahihi ya Pili

Kiwandani walimwita Sahihi Mbili, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikaa miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la stoo ya vipuri, katika kiwanda cha kufuma vitambaa, na katika miaka yote hiyo hakikutoka kitu mle, iwe mkanda wa mashine, beringi au nati ndogo kama kucha, bila fomu yenye sahihi ya msimamizi wa zamu na sahihi ya fundi mkuu. Watunza stoo wengine nao walikuwa na sheria hiyo hiyo ukutani, lakini ukiwaendea na soga mbili tatu mkono ulilegea. Wake haukulegea. Watu walikuwa radhi kumbembeleza mkwe kuliko kumbembeleza yeye.

Siku moja mkanda ulikatika asubuhi. Fundi mkuu alikuwa msibani, kwa hiyo kaimu wake ndiye aliyesaini fomu. Sahihi Mbili akaisoma, akaisukuma nje ya dirisha kwa kidole kimoja. Kaimu si fundi mkuu, alisema, labda aje na barua ya kukaimu. Mashine kumi na mbili zikalala mpaka saa tisa alasiri, wafumaji wakacheza karata uani, na msimamizi wa zamu akatoa matusi ambayo hayafai kuandikwa. Mwezi uliofuata ikagundulika kwamba stoo ya rangi ilikuwa ikiibiwa kwa fomu zilizosainiwa na makaimu. Meneja akamsimamisha Sahihi Mbili mbele ya watu wote, akampa mkono. Hapo ndipo alipoharibika, ukiniuliza mimi. Mtu akishasifiwa hadharani kwa ukaidi wake, kumtoa ukaidi huo ni kazi bure.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yao, ameinama, mguu kwenye pedeli, mwaka hadi mwaka, mpaka mgongo ukagoma. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Kisha mguu wa kushoto ukawa unakufa ganzi katikati ya mshono, na siku aliyoanguka akienda kufungua mlango hakukuwa na ubishi tena. Hospitalini walimpasua kiunoni wakaziunganisha pingili za uti wa mgongo kwa vyuma, fito mbili na skrubu sita. Sahihi Mbili, aliyekuwa amestaafu mwaka huo huo, alimwuliza daktari mpasuaji skrubu hizo ni za milimita ngapi. Mgonjwa alipozinduka akasimuliwa swali hilo, alicheka mpaka akashika kidonda.

"Mwacheni," alisema. "Kwake hayo ndiyo mapenzi."

Alipona vizuri kuliko walivyotarajia. Baada ya miezi minane alirudi kwenye cherehani yake, saa moja ameketi, robo saa amesimama, kama alivyoelekezwa. Sare zikaanza tena kuning'inia barazani. Mumewe alishinda ndani hana la kufanya, akipanga upya makopo ya jikoni kwa urefu, na mkewe akiyapangua akitafuta chumvi.

Mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya upasuaji, jino likaanza kuuma. Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Kliniki ya meno ilikuwa mtaa wa pili, juu ya duka la kutengeneza simu, na daktari wa pale alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache. Alimketisha mgonjwa kitini, akamfunga kitambaa shingoni, akamwangalia kwa kioo kidogo.

"Limeoza mpaka chini, mama, na usaha umeanza kukusanyika," alisema. "Naling'oa sasa hivi. Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

"Wa mgongo. Nina vyuma."

Daktari akaweka kioo chini. Alisema wapo madaktari wa mgongo wanaotaka mgonjwa ameze antibayotiki kabla ya kung'olewa jino, kwa hofu kwamba wadudu wa mdomoni watasafiri kwenye damu wakakae kwenye vyuma. Wengi siku hizi hawaoni haja, hasa kama mwaka umepita na mgonjwa hana kisukari wala ugonjwa mwingine wa kumpunguzia kinga.

"Mimi naona tuling'oe," alisema. "Ila kama mnataka kuridhika zaidi, mpigieni simu daktari wenu. Dakika mbili tu."

Sahihi Mbili alikuwa amesimama kwenye kona, kofia mkononi. Aliposikia kwamba jambo hili linawahusu madaktari wawili, kitu fulani kilichangamka kifuani mwake, kitu ambacho tangu astaafu alidhani kimekufa.

"Samahani, daktari," alisema. "Simu si maandishi."

"Mzee, ni swali dogo."

"Dogo ndilo linaloponyoka." Akamshika mkewe kiwiko. "Shuka, mama watoto. Tusikurupuke."

Mkewe alikuwa ameshafungua mdomo. Alimtazama daktari, akamtazama mumewe, kisha akafungua kitambaa shingoni mwenyewe na kushuka. Daktari hakufurahi. Aliwaandikia barua ya kupeleka hospitalini, na mlangoni akawaambia wasikae na lile jino, siku mbili tatu, si zaidi. Sahihi Mbili aliitikia kwa adabu zote. Mikononi mwake alikuwa na barua, na barua ilikuwa inadai jibu.

Kesho yake aliondoka asubuhi, shati limepigwa pasi, faili la kijani kwapani. Hospitalini aliambiwa daktari mpasuaji yuko masomoni na atarudi baada ya wiki tatu. Aliyekuwepo ni kaimu wake, kijana mrefu mwenye haraka, ambaye aliisoma barua akiwa amesimama ukumbini.

"Hakuna haja ya dawa," alisema kijana. "Ling'olewe, tena mapema." Akaandika mistari miwili hiyo hiyo kwenye karatasi, akasaini.

"Muhuri?"

"Uko kwenye droo ya mkubwa, amefunga."

"Wewe ndiye uliyempasua mke wangu?"

"Nilimsaidia mkubwa."

"Kumbe msaidizi," alisema Sahihi Mbili, bila kebehi, kama mtu anayejaza fomu. Alishukuru, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Nyumbani mkewe alipomwuliza wamesemaje, alimjibu kwamba daktari hayupo, wamsubiri. Kwa sheria za stoo hakuwa amesema uongo.

Wakaanza kusubiri. Kila Jumatatu na kila Alhamisi alivaa, akachukua faili, akaenda kuketi kwenye benchi la hospitali kuuliza kama daktari amerudi. Karani wa mapokezi alimzoea, akawa anamwekea nafasi karibu na feni. Na niseme wazi, maana hata yeye baadaye alilisema kwa kinywa chake: zile zilikuwa siku nzuri. Mtu aliyekuwa akipanga makopo jikoni alikuwa na kazi tena. Alirudi mchana amechoka uchovu wa halali, akavua viatu barazani, akatoa ripoti. Mkewe alisimamisha cherehani, akamsikiliza, shavu moja amelishika kwa kiganja.

Binti yao mkubwa, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu wiki ya pili.

"Shikamoo baba. Nasikia mama bado ana lile jino."

"Marahaba. Tunasubiri daktari."

"Baba, jino linang'olewa. Haliombewi kibali."

"Mama yako ana skrubu sita mgongoni," alijibu. "Wewe unazijua?"

Wiki hiyo hiyo maumivu yakapungua. Mkewe alisema jino limetulia, na Sahihi Mbili akaona utaratibu wake umeanza kuzaa matunda. Hakujua kwamba jino lililooza hutulia mshipa wake unapokufa, na usaha unaendelea na kazi kimyakimya. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akatafunia upande wa kushoto. Wiki ya tatu ilipoisha, hospitalini walisema daktari ameongezewa wiki mbili. Wiki ya nne shavu likavimba, likanywea, likavimba tena.

"Tunaweza kwenda tu pale mtaa wa pili," mkewe alisema asubuhi moja, akitia uzi kwenye sindano.

"Tumeshasubiri wiki nne. Tukimalizia hii moja tutapungukiwa nini?"

Mkewe akavuta uzi, akaendelea na kola zake.

Jumanne ya wiki ya tano aliita kutoka barazani. Sahihi Mbili alimkuta ameketi wima kwenye cherehani, anatetemeka mpaka meno yanagongana, jasho limelowesha gauni lote. Homa ilikuwa imempanda tangu alfajiri na alikuwa ameificha ili amalize sare tatu za watu. Sasa mgongo ulikuwa unamwuma mahali pale pale palipopasuliwa, na miguu, alisema, haikuwa inamsikia. Jirani aliyekuwa na gari akawakimbiza hospitali.

Daktari mpasuaji alikuwa amerudi kazini asubuhi ile ile. Alimfungua mgonjwa jioni ile ile, akakuta usaha umezizunguka skrubu na umekandamiza mishipa ya fahamu. Walisafisha, na baada ya siku nne wakafungua tena, wakatoa baadhi ya vyuma. Jino lilikuja kung'olewa pale pale wodini, kwa dakika saba, na mgonjwa hata hakulalamika.

Siku majibu ya maabara yalipotoka, daktari alimwita Sahihi Mbili ofisini na kumpa kiti.

"Wadudu tuliowakuta ni wale wanaoishi mdomoni," alisema. "Siwezi kuapa kwamba ni lile jino, lakini sioni pengine pa kunyooshea kidole. Alikaa nalo muda gani?"

"Wiki tano. Tulikuwa tunakusubiri wewe, daktari. Utuambie kama ameze dawa kabla ya kung'oa."

Daktari alivua miwani. Alikuwa mtu mwema na alichagua maneno yake polepole, ndiyo maana yalipenya.

"Kwa mtu kama yeye nisingempa dawa. Hana kisukari, na mwaka ulikuwa umepita. Ningemwambia aling'oe siku hiyo hiyo. Hatari haikuwa kwenye kung'oa, mzee wangu. Ilikuwa kwenye kuliacha." Akairudisha miwani usoni. "Kwani hapa hakuna aliyewajibu? Nilimwacha kaimu."

Sahihi Mbili alipeleka mkono kifuani. Mfukoni mwa shati, juu ya moyo, ile karatasi iliyokunjwa mara nne bado alikuwa nayo, maana hakuwahi kutupa karatasi maishani mwake. "Nilimkuta," alisema.

Mgonjwa alikaa kwenye dripu za antibayotiki wiki sita. Zile dawa walizokuwa wakibishania kama ameze mara moja au asimeze, sasa ziliingia mwilini mwake usiku na mchana. Homa ikaisha. Miguu ilirudi kidogo, kiasi cha kuhisi shuka, si kiasi cha kukanyaga pedeli wala kusimama. Aliporudi nyumbani kitanda kilihamishiwa chumba cha mbele penye mwanga, na cherehani ikafunikwa kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare. Wauguzi walikuwa wamemfundisha Sahihi Mbili kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asifanye vidonda, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, mwili wote kwa pamoja. Aliifanya kazi hiyo bila kuchelewa hata dakika moja. Hakula vizuri, na faili la kijani alilichoma uani.

Alikaa na siri yake siku kumi na saba. Mkewe akimwita "mzee" kwa sauti ile ile ya zamani, alihisi anapokea kitu kisicho chake. Mchana mmoja, baada ya kumlisha uji, akavuta stuli akaketi karibu na kichwa chake.

"Mama watoto, nina neno."

"Sema."

"Wiki ile ya kwanza, hospitalini, nilijibiwa. Kaimu wa daktari aliniandikia kwamba ung'olewe bila dawa. Nilikuwa nayo mfukoni muda wote. Nikaona yeye ni kaimu." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Mimi ndiye niliyekulaza hapa. Si jino. Ni mimi."

Alingoja amtukane. Alitaka sana amtukane. Mkewe alitazama dari, kisha akageuza uso upande wake, kichwa peke yake, maana kiwiliwili alikatazwa kukigeuza bila msaada.

"Nilimsikia yule binti wa meno," alisema. "Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake. Alisema analing'oa pale pale."

"Ulimsikia?"

"Na njia naijua. Mtaa wa pili tu, ningekwenda mwenyewe siku yoyote ukiwa kwenye benchi lako."

"Sasa mbona hukwenda?"

Alifikiri kwanza, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Miaka thelathini na mmoja ulikuwa unavaa shati safi unatoka kwa ajili ya kiwanda," alisema. "Zile wiki tano ulikuwa unatoka kwa ajili yangu. Nikasema ngoja nisiharakishe."

Sahihi Mbili aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Baadaye mkewe akamwambia saa mbili zimefika, na yeye akainuka, akaweka mkono mmoja begani, mwingine nyongani, akamgeuza.