Pijo Lililokohoa Ukweni

Hakuna aibu inayozidi ya gari kukohoa ukweni. Ungekohoa mwenyewe ungesingizia vumbi. Miaka ile ya ruksa, kila mwenye visenti alipojiona mfanyabiashara, mimi nilinunua Pijo kuukuu la petroli lenye bodi nyuma, nikawa nachukua samaki Nyamisati na kuwapeleka Kibiti. Njiani nililala Mtunda, kwa wazazi wa mke wangu, na kila asubuhi ya kuondoka pale gari lilimisi.

Nikiwasha, silinda tatu zilifanya kazi na moja ilisusa. Gari lilitikisika mpaka vioo vikagongana, kisha likapiga mshindo kwenye ekzosi, kuku wakatawanyika na majirani wakatoka kuchungulia. "Mkwe wa Kibiti huyo anaondoka," walisema. Nilipofika barabara kuu injini ilikuwa imepata moto, na gari limetulia utadhani halikufanya kitu. Fundi wangu wa Kibiti aliniona mwongo, maana kwake halikuwahi kumisi.

Nilibadili plagi. Nikasafisha kabureta. Niligombana na muuza petroli ya madumu, nikimshutumu kwamba anachanganya na mafuta ya taa, na hasira zangu zikaishia hewani. Nikashuku maji ya chumvi ya samaki, nikaliosha gari lote. Ukweni sikuweza hata kulalamika. Kwa mila zetu mkwe wa kiume hasemezani na mama mkwe uso kwa uso. Akipita, mimi natazama chini, na maneno yetu hubebwa na mke wangu. Kupitia kwake niliambiwa kwamba mama ananipa pole. Pole ile iliniuma kuliko mshindo wa ekzosi.

Kisha ikaja harusi ya mdogo wake mke wangu. Nilikuwa nimekwisha kuahidi mbele ya wazee kwamba Pijo langu ndilo litakalombeba bibi harusi hadi kwa mumewe Kibiti. Likikwama porini na bibi harusi akashuka na hina yake mbichi kusukuma, ningehama wilaya.

Asubuhi ya harusi niliwasha mapema, likamisi. Ua umejaa wageni. Nikafungua boneti, nikaanza kuchomoa nyaya za plagi mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma. Kila nilipochomoa, sauti ilizidi kudhoofika, isipokuwa waya wa tatu: nilipouchomoa huo, sauti haikubadilika. Basi silinda iliyosusa ni hiyo. Plagi yake ilikuwa mpya. Nikazima injini, nikaufuata waya hadi kwenye distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, nikafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na maji. Nikapitisha kidole, kikatoka na rangi ya manjano, kinanukia marashi.

Nikaelewa papo hapo. Lilikuwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi. Kila nilipolala kwake, mama mkwe aliamka alfajiri akalizindika gari langu lisipatwe na baya, akiimwagia injini kwa sababu uhai wa gari uko pale. Ningeweza kufuta kidole kwenye suruali nikasema ni umande. Lakini kaka yake mke wangu alikuwa ameinama ubavuni mwangu, na pua yake ilikuwa nyepesi kuliko akili yangu.

"Mama," akaita kuelekea jikoni, "kumbe gari umelinywesha kombe? Ndilo linalomkohoza shemeji siku zote hizi."

Ua mzima ukacheka. Hawakuwa na ubaya, harusini watu hucheka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Akavuta kanga usoni, akarudi ndani. Nilitaka kumtetea na sikuwa na ulimi wa kumfikia, na mke wangu alikuwa chumbani na bibi harusi. Nikabaki nimeshika kifuniko. Ubovu nilioutafuta kwa muda wote ule nilikuwa nimeupata, na nilitamani nisingeupata.

Nikakifuta kifuniko, nikakianika juani, nikakirudisha. Gari likawaka kwa silinda zote nne, laini kabisa, na wanawake wakapiga vigelegele. Niliona haya kwa kila kigelegele.

Bibi harusi alipokwisha kukaa garini, mke wangu akaja dirishani kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama kanituma," akasema kwa sauti ya chini. "Anauliza, akiomba dua kwa mbali, hukohuko jikoni, gari litadhurika?"

Niliutazama usukani. "Mwambie asiache," nilisema. Nikatia gia, tukaondoka.