Mbwa Aliyeogeshwa

Kokugonza alifanya usafi miaka sita katika duka la vitu vya kale mjini Sydney, na kosa lake lilikuwa moja tu: alimwogesha mbwa.

Mbwa mwenyewe wa udongo wa kuchoma, masikio wima, mdomo wazi kama anayetaka kujibu. Mwenye duka, mzee Clifford, alimweleza kwamba Wachina wa kale walizika watu wao na mbwa, nguruwe na kuku wa namna hiyo, marehemu asikae peke yake. Huyu alikuwa kaburini miaka elfu mbili.

"Pole, mwenzangu," Kokugonza akamwambia mbwa, mzee alipotoka. Tangu siku hiyo kila asubuhi akawa anampa habari zake zote. Sishangai. Kwake Macquarie Fields, pembezoni mwa jiji, mume alishaondoka, na mwanawe Calvin ukimwuliza, "Umekula, baba?" anajibu, "Yeah, Mum," macho kwenye simu. Mimi, dada yake huku nyumbani, nilikuwa nampigia mara moja kwa mwezi, nikajiona mwema.

Jumanne moja akaona udongo mwekundu umeganda nyuma ya masikio ya mbwa. Udongo wa kaburi! Kwetu ukitoka kuzika huingii ndani bila kunawa, na huyu maskini hajanawishwa hata mara moja. Akachukua maji ya vuguvugu na mswaki, akamsugua mpaka akatakata.

Clifford alipomwona, alikaa chini.

"Ule udongo uko wapi?"

"Nimemsafisha, bosi."

"Koku, ule udongo ndio uliokuwa shahidi wake. Sasa nani ataamini kwamba hakufinyangwa jana?"

Hakumfukuza. Heri angemfukuza. Alimfungia mbwa kabatini, ufunguo akautia mfukoni, akasema kwa upole kwamba kuanzia leo Koku ashughulike na sakafu na choo. Rafu atazifuta mwenyewe.

Kokugonza alinipigia akiwa kwenye treni.

"Dada, nimemharibu."

"Unalilia mbwa wa udongo, mtu mzima wewe?"

"Alikuwa ananisikiliza."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Kumebaki udongo kidogo," akasema, "chini ya ukucha wa gumba."

"Basi ukifika nyumbani unawe."

"Sinawi."

Treni ikaingia chini ya ardhi, simu ikakatika. Nami nilikuwa na nyanya jikoni, nikasema nitampigia baadaye. Nikampigia Jumapili.