Filamu Iliyokataa Kuisha

Enzi zetu, mtu alipigwa picha akiwa na sababu. Umemaliza darasa la nane, umepata mtoto, au ni Idi na nguo ni mpya. Kisha ulingoja wiki mbili bila kujua kama ulifumba macho, na hakuna aliyekufa kwa kungoja. Leo mpwa wangu Shamsa akipigwa picha anadai kuiona kabla hata hajamaliza kutabasamu.

Kamera yangu ya kwanza niliirithi kwa Mjomba Ramadhani, aliyekuwa na studio pale kituo cha Kawangware 56, chumba kimoja kando ya saluni. Ukutani palichorwa ndege na ngazi yake. Watu walisimama mbele ya ngazi hiyo, mkono juu, wakiaga bila kwenda popote. Simu za kamera zilipoingia wateja wakapungua, Mjomba akafunga studio na kuanza kuuza viatu vya mitumba. Kamera akaniletea Kibera ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na lenzi mbili: fupi ya kawaida, na ndefu iliyoota ukungu ndani. Nilikuwa msichana wa darasa la sita. Kwetu sisi Wanubi wa Makina, mtaa wetu wa Kibera, vitu vilishuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, koti, msahafu, hata kitanda, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa.

Sharti lake lilikuwa moja, nijifunze bila filamu. "Filamu si njugu," alisema. "Zoesha mkono kwanza."

Wapiga picha wa wakati ule walikuwa na ujanja wa kupiga hewa. Watoto wakiwasumbua, waliwamulika kwa taa ya kamera isiyo na filamu, watoto wakaridhika na kwenda zao. Mimi nilipiga hewa miezi na miezi. Nilipiga mbuzi wa jirani, nikapiga wanaokaanga mandazi, nikapiga wanafunzi wa shule ya Olympic wakirudi nyumbani na soksi zimeshuka. Nilijifunza kuzungusha lenzi mpaka sura iliyofifia ikawa sura ya mtu. Nilichopenda zaidi ni kile kiwiko cha kusogeza filamu, ambacho kidole gumba kilikivuta kwa ulaini kama kimepakwa mafuta. Hakuna aliyeniambia kwamba kilikuwa laini kwa sababu hakikuwa kinavuta kitu.

Sasa, sebuleni kwa Habuba, nyanya yangu, palikuwa na fremu ya nafasi mbili. Kushoto alikaa marehemu babu na kofia yake. Kulia palikuwa patupu tangu nizaliwe. Picha pekee ya Habuba ilikuwa ya kitambulisho, na alisema ile ni sura ya mtu aliyekamatwa. Alipoona nimepata kamera akatangaza kwamba upande wake nitaujaza mimi, siku ya Idi, akiwa amevaa gurbaba yake, lile vazi letu la heshima. Mjomba akanunua filamu moja, akanionyesha mara moja jinsi ya kuiweka.

Asubuhi ya Idi niliiweka mwenyewe. Nyumba ilinukia udi na gurusa za moto, ile mikate yetu myembamba. Habuba akaketi mlangoni, mgongo wima, na shangazi aliyekuwa akimnyoosha nguo akamuuliza, "Habuba, kwani unaolewa tena?" Habuba akacheka. Alicheka na pengo lake la mbele na mabega yote, na mimi nikabonyeza. Nilijua papo hapo kwamba nimeipata.

Baada yake nikapiga ukoo mzima. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, lakini hesabu ilifika hapo na kiwiko kikaendelea kwenda, laini vilevile. Nikasema filamu haiishi. Habari ikaenea kichochoroni.

"Hiyo ni baraka ya Idi," Habuba akaniambia. "Piga na watoto wa watu."

Foleni ikaundwa. Hata Mama Atieno, mpangaji wetu ambaye Idi haikumhusu, alikwenda kuvaa viatu vyake vya kanisani.

Mjomba alipofika kwa chakula cha mchana alikuta watu wamejipanga. Akachukua kamera, akagusa kitasa kidogo cha juu upande wa kushoto, kile cha kurudishia filamu. Kikazunguka ovyo.

"Hiki ulikiona kikizunguka ukivuta?" akaniuliza.

"Huwa kinazunguka?"

Nadhani alikumbuka nani alinifundisha bila filamu. Akafungua mgongo wa kamera mbele ya watu wote. Ulimi wa filamu ulikuwa umechomoka pale unaposhikwa ili ivutwe, filamu yenyewe imelala ndani ya mkebe wake, haijasogea hata kidogo. Nilikuwa nimepiga hewa kutwa.

Mama Atieno akauliza, "Hata yangu haikutoka?" Habuba aliingia ndani, akakunja gurbaba taratibu, akasema mwaka ujao, inshallah. Nililia mpaka gurusa zikapoa.

Mwaka uliofuata aliketi palepale. Safari hii aliniamuru nivute kiwiko mbele yake, na hakuondoa macho kwenye kile kitasa mpaka nilipobonyeza. Picha ilitoka safi, kila uzi wa gurbaba unaonekana. Ila Habuba amekunja uso, anautazama mkono wangu wa kushoto kama mkono wa mwizi. Ndiyo iliyojaza fremu, na alipofariki ndiyo iliyosambazwa.

Juzi Shamsa, ambaye hakumkuta, aliitazama akaniuliza, "Aunty, kwani Habuba alikuwa mkali hivyo?"

"Alikuwa mtu wa kucheka sana."

"Nionyeshe."

Hakuwa na ubaya. Ana maelfu ya picha kwenye simu yake, na paka wao peke yake ana nyingi kuliko ukoo wetu wote. Kwake kila kitu huonyeshwa. Mimi kile kicheko nilikiona mara moja kupitia tundu la kamera, na bado nakiona, pengo na mabega. Nikamwambia akae nimsimulie. Akakaa, akasikiliza, kisha akaitazama tena ile picha ukutani, na nikaona wazi ni yupi anayemwamini, kati ya Habuba wa ukutani na Habuba wa simulizi langu.