Zamu ya Shabani Chooni

Asubuhi ya Kariakoo, kabla vipaza sauti vya wauza dawa ya panya havijaanza, kwetu ilifunguliwa na mlio wa ndoo za plastiki zikiburuzwa uani. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba tisa na choo kimoja cha kuchuchumaa, kilichonuka jivu na sabuni ya unga, maana mwenye nyumba aliamini vitu hivyo viwili vinamaliza kila uchafu. Mtu akiamka alitanguliza ndoo yake ya maji kwenye foleni, kisha akarudi ndani kuvaa. Ndoo ilisimama badala yake, na aliyethubutu kuiruka ya mwenzake alisemwa mpaka na watoto. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilizijua ndoo zote za nyumba ile kuliko nilivyojua kuzidisha.

Mdogo wangu Shabani alikuwa na miaka minane na hakuwa akizungumza. Leo ningesema ana usonji na wengi wangenielewa. Wakati ule tuliambiwa ana jini, au kwamba mama alikula kitu akiwa mjamzito, au kwamba angesema tu akifika miaka kumi. Kila mgeni alikuja na chupa ya mafuta au jina la mtu wa kumwona. Mama alipokea yote na kushukuru, na wageni wakishaondoka alibaki yeye, Shabani, na beseni la vipande vya kanga kuukuu alivyomfunga badala ya nepi. Pole tulipewa nyingi mno. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyesema, "Niachie mtoto, kalale saa moja." Jambo hilo linaniudhi mpaka leo, na sitajifanya limeniisha.

Mwezi wa kumi mwaka ule mama alisikia kuna shule ya msingi upande wa Ilala yenye kitengo cha watoto kama Shabani. Tulikwenda watatu kwa miguu. Mwalimu mkuu alimtazama Shabani akizipanga chaki mezani kwake moja baada ya nyingine, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Anajisaidia mwenyewe?"

"Bado, mwalimu," mama akajibu.

"Basi mama, mwalimu wa kitengo ni mmoja, hana msaidizi. Akishajua choo, mlete Januari. Nafasi yake ipo."

Mama alitoka pale anatabasamu peke yake barabarani. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amempa kazi yenye mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa mateso. Shabani aliliogopa lile tundu. Akifikishwa mlangoni aliziba masikio na kupiga mayowe. Tumbo lake nalo lilikuwa na saa yake, saa kumi na mbili na nusu, foleni ikiwa imefika jikoni. Mama alijifungia naye humo dakika ishirini nzima. Wiki ya kwanza watu walivumilia, ya pili wakaanza kugonga mlango. Aliyegonga kuliko wote alikuwa Mama Neema wa chumba cha mbele, mtu wa Moshi, aliyeuza viatu vya mitumba Mchikichini.

"Mama Zuhura, mtoto namhurumia, Mungu ananiona," alimwambia mama asubuhi moja, akimwita kwa jina langu, taulo begani. "Ila belo la viatu linafunguliwa mapema. Nikichelewa naokota vya kushoto vitupu."

"Basi nifundishe namna ya kumfundisha mtu choo bila choo," mama akamjibu kutoka ndani.

Uani wote walicheka. Mimi sikucheka, na kinachonikera zaidi sasa ni kwamba Mama Neema hakuwa na kosa. Wanawake wawili waliochoka walikuwa wakigombania mlango wa bati, na mwalimu aliyetoa sharti yuko kwake anakunywa chai. Mimi nami sikuwa malaika. Shuleni walishaanza kuniita mlinzi wa choo, na siku moja kwa hasira nilimfinya Shabani paja anyamaze. Alama ilikaa siku tatu. Mama alidhani ameumwa na mdudu, nami nikamwacha adhani hivyo.

Wazo lililotuokoa halikutoka kwa mtaalamu. Lilitoka kwa huyo huyo Mama Neema. "Mpeni ndoo yake," alisema. "Hamwoni anavyozitazama hizi zetu?" Akaleta kindoo cha njano alichokuwa akichezea Neema na kukiweka mwisho wa foleni. Shabani alisimama kando yake. Ndoo ya mbele ikisogea, naye akasogeza chake, tena kwa kukinyoosha sawasawa na mstari. Zamu yake ilipofika aliingia, kwa sababu ndivyo ndoo ya mbele inavyofanya. Siku za mwanzo alitoka mbio. Baadaye akakubali kuchuchumaa akiwa ameshika mkono wa mama, na Desemba ilipofika kati alikuwa anaingia peke yake na kufunga komeo. Mama Neema alipojaribu kuiruka foleni, Shabani aliinua ndoo ya mama huyo na kuirudisha mwisho, maji yakimwagika njia nzima. "Haya baba, nimekoma," akasema Mama Neema.

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, mtu wa maneno machache. Alishona kaptula ya bluu na shati jeupe bila kuambiwa. Januari tukarudi shuleni, na mama hakungoja hata kukaa: "Mwalimu, choo anajua." Mwalimu mkuu alimpa hongera. Kisha akasema mwalimu wa kitengo amehamishwa, mwingine hajaletwa, tuache namba ya simu.

"Lakini ulisema nafasi yake ipo," mama akasema.

"Nafasi ipo, mama. Mwalimu ndiye hayupo."

Tulipotoka ofisini wanafunzi walikuwa mstarini wakisubiri kuingia darasani. Shabani alikwenda akasimama nyuma ya wa mwisho, mikono ubavuni, kimya. Mstari uliposogea, naye akasogea. Ilibidi mama amvute kwa nguvu, na alilia mpaka tulipofika nyumbani. Simu haikupigwa mwezi ule, wala mwaka ule.

Siku hizi neno usonji linatajwa redioni, na kuna siku watu wanavaa fulana za kufanana na kupiga picha. Sikatai, ni afadhali kuliko jini. Shabani ni mtu mzima sasa, anaishi na mama Buguruni, na hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Mwaka huu nilimwandikisha binti yangu darasa la awali. Nilijaza fomu, wakaniuliza jina na chanjo, basi. Siku ya tatu nilipompeleka, alijikojolea kabla sijaaga. Mwalimu alicheka kwa upole, akatoa sketi ya akiba kabatini. "Ndio watoto hao, mama, usijali," akasema. Nilimshukuru kwa dhati, nikafika getini, nikasimama hapo. Mlinzi aliniona ninavyolia kwa hasira, akaniletea kiti chake.

"Pole, dada," akaniambia. "Atazoea tu shule."