Kilio katika Nyumba Niliyopangisha

Mama alikubali kutoka nyumbani kwake kwa sharti moja tu. Alikuwa ameketi barazani pale Nguba, mtaa wa Bukavu ulio kando ya ziwa, mfuko wake wa nguo umeshafungwa, akaniambia bila kunitazama: "Pangisha, mutoto wangu. Lakini siku Mungu ataniita, munililie hapa. Si kwa mutu mwingine. Hapa ndiyo baba yako alinijengea." Nikaapa. Kuapa ni rahisi mtu akiwa na tiketi ya ndege mkobani.

Baba aliiandikisha nyumba ile kwa jina langu, mimi kifungua mimba, mimi niliyesoma. Nilikuwa ninakwenda Brussels kwa masomo ya miezi michache, basi Mama akapanda kuishi Kadutu, mtaa wa mlimani, kwa mdogo wangu wa kike, na kodi ya Nguba ikawa ya kuwalisha wote wawili. Ndivyo tulivyopanga. Halafu vita ya pili ya Kongo ikanikuta huko, mji ukaanguka mikononi mwa waasi, nikaomba ukimbizi. Karatasi niliyopewa iliniruhusu kwenda popote isipokuwa kwetu.

Wapangaji walikuwa mwalimu wa sekondari na mke wake, watu waliokimbia vita kule Kamituga na watoto wao na magodoro mawili. Mwalimu wakati ule, nani alikuwa anamlipa? Serikali ilikuwa Kinshasa, waasi walikuwa na mambo yao, wazazi ndio walichangachanga kidogo. Kodi ilichelewa, lakini ilifika. Na kila Jumapili baada ya misa mke wa mwalimu alipanda Kadutu kumchukua Mama, akamshusha polepole hadi Nguba, akamkalisha kwenye baraza lake la zamani, akamsongea ugali na kumchambulia samaki. Alimwita koko, kama bibi yake mzaa mama. Mdogo wangu aliponisimulia hayo kwenye simu, nisiseme uongo, niliona wivu. Nilisema, "Eh, huyo mwanamke anatafuta kupunguziwa kodi." Nilikuwa na mdomo mbaya siku hizo, na bado ninao.

Kisha komisioneri akanipigia, yule wakala wa nyumba anayejua kila geti la Nguba. "Maman, uko unalalia dola na haujui! Iko ONG moja ya misaada inatafuta nyumba ya kuona ziwa. Wazungu. Wanatoa avansi ya miezi sita, sasa hivi." Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri hata kidogo. Nilinunua kadi ya simu, nikakwangua namba zake, nikampigia mwalimu: mwisho wa mwezi mtoke. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nimepanga na maneno makali. Yeye akajibu tu, "Tumesikia, maman bailleur." Bailleur ndiyo mwenye nyumba, Bukavu tunamwita hivyo hata akiwa mwanamke.

Mdogo wangu sikumwambia. Mama sikumwambia. Avansi, ile kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ikafika, nikaila: nilikuwa ninaishi chumba kimoja chenye ukungu ukutani, nikahamia chenye jua. Na lile sharti? Nililijua vizuri sana. Wazungu wa ONG, na walinzi wao na geti lao, wangekubali lini watu mia kulala sebuleni wakimlilia bibi kizee wasiyemjua? Nikajiambia Mama bado ana nguvu, ataishi, vita itaisha, nitarudi, nitawatoa wazungu kabla ya siku yake. Ole wangu. Nilikuwa ninamwekea Mungu ratiba.

Mama aliugua kifua, siku chache tu, akafa kabla ya mwisho wa mwezi ule.

Mdogo wangu alilia kwenye simu mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akasema, "Dada, tumupeleke wapi? Hapa kwangu unapajua, hata watu kumi hawaenei, na nje ni mutelemko tu. Na wewe ulimuahidi Nguba."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Ningesema: watu wale nimewafukuza, sina uso wa kuwaomba. Badala yake nikasema, "Nenda uwaulize mwenyewe." Nikakata simu kana kwamba laini imekatika. Nikakaa kitandani na koti langu la baridi mwilini. Nilijiona mchafu. Kama wangekataa, haki ilikuwa yao, na Mama angeliliwa kwenye mteremko wa Kadutu, watu wamesimama njiani, kwa sababu yangu.

Kwetu, mtu akifa, kazi ya kwanza ni kutoa vitu sebuleni. Viti, meza, kabati, hata picha za ukutani, vyote nje, ili maiti ipate pa kulala na wanawake wapate pa kukaa chini, juu ya mikeka na magodoro. Ni kazi ya kutoka jasho, na kawaida maiti hufika watu bado wanasukumana na kabati mlangoni.

Jioni ile mdogo wangu akanipigia tena, sauti imekauka lakini ina kitu kama furaha. "Dada, wapangaji yako ni watu ya Mungu! Nimetuma mutu kuwauliza, wamekubali palepale; tumefika na Mama nyuma yake tu, tukakuta salon iko wazi. Wazi kabisa! Hata kiti kimoja hakuna, hata pazia wametoa. Vitu vyao viko inje, kwa masanduku, chini ya hema. Walijuaje mbele? Wamama wa kanisa wanashangaa. Wanasema haujawahi kuonekana utayari wa namna hii."

Mimi nilijua walivyojua. Masanduku yale hayakufungwa kwa ajili ya Mama.

"Unanisikia?" mdogo wangu akauliza.

"Ninakusikia."

Mjomba, kaka yake Mama, akampokonya simu. Akasema watu wote wanalitaja jina langu, kwamba niko mbali lakini nimemheshimu mama yangu, nimechagua watu wa kuilinda nyumba yake. Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Langu lilikuwapo, linasifiwa mbele ya maiti, na kila sifa ilinichoma. Nikaanza kulia kwa sauti. Mjomba akanipoza: "Lia, binti, lia. Mama ni mama." Alidhani ninalilia kifo tu.

Nyuma yake nilisikia nyimbo za kanisa, na vilio vinavyopanda na kushuka, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikauliza ni nani amekaa karibu na kichwa cha Mama, pale anapokaa binti mkubwa. Mjomba akasema ni mke wa mwalimu. Ndiye aliyemwosha pamoja na mdogo wangu, ndiye aliyemvika kitenge chake cha sikukuu. "Sasa angekaa nani?" Mjomba akauliza. "Wewe hauko."

Kisha akasema huyo mama mwenyewe anaomba simu. Nilisikia hatua, mlango ukifungwa, nyimbo zikapungua. Alikuwa ametoka nje, peke yake.

"Maman bailleur, pole sana. Koko ametuachia pengo."

Nikasema asante.

"Nilikuwa ninataka kuomba kitu," akasema, sauti chini. "Ile tarehe mulitupatia, inaangukia katikati ya kilio. Watu wa kijiji cha Miti wamefika, wengine wako njiani, watalala hapa. Muturuhusu tubaki mpaka kilio iishe? Ni juu ya kupikia watu tu. Kisha tutatoka, hatutaleta matata." Akaongeza: "Na musiogope. Mudogo yenu hajui kitu. Hatukuambia mutu."

Neno lilikuwa mdomoni: bakini. Bakini hata milele, fungueni masanduku, nyumba ni yenu kuliko ilivyo yangu. Lakini avansi ya wazungu nilikuwa nimeshaila, na miezi sita ikiisha ningehitaji nyingine.

"Sawa," nikasema. "Mpaka kilio iishe."

"Asante, maman. Mungu awabariki," akanijibu, na alimaanisha. Kisha akarudi ndani kukaa na mama yangu.