Bibi Harusi wa Bwera Aliyekataa Kucheka

Nilikwenda Bwera kwa sababu ya picha moja. Bwana harusi, Baluku, mkulima wa mpunga kule Mubuku, alikuja studio kwangu Kasese akanieleza kwamba mama mkwe wake yuko Butembo, ng'ambo ya mpaka, miguu imemkataa, hawezi kusafiri. "Sauda, yule mama hataona harusi. Ataona picha tu," akasema. "Piga yenye Kavira anacheka. Asiseme nimelazimisha mtoto yake." Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mimi na mdomo wangu.

Asubuhi na mapema Baluku alinipitia na gari la kukodi, suti imeshamkaa mwilini. Nilibeba kamera, flashi mbili za betri, mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga wake, na shuka nyeupe niliyoivua kitandani kwangu. Baluku aliitazama ile shuka, akaona haya kuuliza.

Tulipopita Muhokya jua lilikuwa bado jekundu kwa vumbi la kiangazi. Mbele ya hapo, ndani ya mbuga, ndovu wawili walisimama katikati ya lami, nasi tukasimama. Dereva alizima injini. Baluku alijifuta jasho. "Padri anangoja," akasema, "na hii nyama ya pori iko naoga vumbi." Nilicheka peke yangu. Waliondoka walipotaka wenyewe.

Bwera tulifika jua likiwa kali, na mabati ya nyumba yalikuwa yanaumiza macho. Kavira, aliyeletwa kutoka Butembo akiwa mdogo, alilelewa hapo na shangazi yake, Tantine Masika, anayeuza vitenge sokoni. Jua la namna hiyo humchimba mtu vivuli chini ya macho, kwa hiyo nilimkalisha Kavira ndani kidogo ya mlango, nikaitandika shuka yangu uani juani ili imrudishie mwanga usoni. Ukaja mwanga laini, mzuri, wa bure. Flashi sikuigusa.

"Dada, cheka kidogo," nikamwambia.

Akainamisha uso. Nikamtania, nikamsimulia habari za ndovu na suti. Wapi. Wapambe wake walicheka, yeye akakaza midomo. Ndipo Tantine akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe mupiga picha, unataka acheke nini? Mutoto anaacha mama yake, anacheka? Batu ba Butembo bakiona hiyo picha, batasema alikuwa anangoja tu kutoka."

Kavira mwenyewe alizungumza polepole. "Mama alinibeba mugongoni kutoka Beni mpaka Butembo, tukikimbia vita. Siwezi kucheka siku ninamuacha."

Nilishusha kamera. Mimi nimezaliwa Kasese, safari ya gari tu kutoka hapo, na desturi hiyo sikuijua. Tena nilikuwa nimemwahidi Baluku meno. Lakini ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako. Nikapiga Kavira alivyokuwa: macho chini, shavu moja kwenye mwanga, chozi halijaanguka. Nilijua ni picha nzuri, na nilijua Baluku haitampendeza. Tuliituma palepale kwenye simu ya jirani wa mama yake. Hakuna aliyejibu.

Kanisani kulikuwa na giza, madirisha madogo, na flashi zikafanya kazi kweli. Mpambe mmoja alinishikia mwavuli, mkono ukamchoka wakati wa mahubiri. Katika kila picha Baluku anacheka kwa wawili. Kavira yuko kama mtu anayesomewa hukumu. Ndugu za Baluku waliokuja kutoka Mubuku walianza kunong'onezana, na mmoja wao aliuliza kwa sauti kama huyu binti amekubali au amekubalishwa.

Baada ya kanisa tulirudi na gari lile lile, kwenda kwenye sherehe kwao Baluku, Mubuku. Kavira alilala, au alijifanya amelala. Baluku aliniinamia. "Sauda, wewe umemuangalia siku mzima na hiyo kamera. Kama hanipendi, si uniambie?" Nilimwonea huruma sana. Nikamweleza maneno ya Tantine. Akasikiliza, akaitikia, lakini uso haukubadilika. Maelezo hayamlishi mtu.

Mubuku jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima, na mashamba ya mpunga yakawa ya kijivu. Flashi moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa ikiwaka taa nyekundu ya kuomba betri, na betri nilikuwa nimezimaliza zote kanisani. Wageni wa kwao Baluku walikuwa wanakula, wakimtazama bibi harusi kwa pembeni. Hapo simu ya Kavira ikalia: ujumbe wa sauti. Akaubonyeza, na sauti nyembamba ya mwanamke mtu mzima ikasikika mpaka meza ya pili.

"Kavira, mutoto yangu, nimeona picha. Umeniheshimia, aksanti. Sasa umeshafika kwa bwana yako, basi. Nionyeshe meno, nijue kama banakupenda. Niko nangoja. Jirani anataka simu yake."

Kavira alimgeukia Baluku, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi ya tangu asubuhi. Nilibonyeza bila kupima chochote. Flashi iliwaka mara moja, ikafa.

Usiku ule nilirudi Kasese na shuka yenye vumbi la Bwera. Nimejifunza kuuliza kwanza kicheko kina ruhusa ya kuanzia wapi, kisha nifungue begi. Ile picha ya pili, kwa kazi yangu, ni mbaya: shela imekwenda upande, jicho moja limefumba, na Baluku anaonekana sikio tu. Wiki iliyofuata Kavira alinipigia simu. Mama yake ameiweka ile ya mlangoni ndani ya Biblia. Hii ya meno ameitundika ukutani, na kila anayeingia anaonyeshwa lile sikio, anaambiwa, "Huyu njo mukwe yangu."