Uchochoro wa Pumba

Kama hujawahi kuishi Ifakara, huenda ukashangaa kusikia kwamba njia zetu tulizijaza pumba. Si changarawe wala kokoto, bali yale maganda mepesi yanayobaki mashineni mpunga ukishakobolewa. Usicheke haraka. Kokoto zilikuwa mbali, na mwenye lori si mtu ungemwita kwa ajili ya uchochoro. Pumba zilikuwa pale pale, zimerundikana nyuma ya kila mashine, na mwenye mashine alikushukuru ukizichukua. Ukimwaga gunia juu ya tope, papo hapo njia inakuwa ya manjano na mguu hauzami. Baada ya siku chache inaanza kunuka kama uji uliochacha. Hilo nalo unalizoea.

Uchochoro wetu ulikuwa Lipangalala, kati ya safu mbili za nyumba. Nyumba za upande wetu zililipa mgongo bonde, ambako mashamba ya mpunga yalianzia mara tu baada ya ua. Yetu ilikuwa katikati ya safu, na ndiyo iliyotangulia kujengwa. Baba aliijenga kwa matofali mabichi, yaani yasiyopita kwenye tanuru, alipohama na mama kutoka Mahenge. Kila ukuta wa pembeni ulikuwa umegusana na uzio wa jirani, hapakuwa na upenyo hata wa kuku.

Baba alifariki miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Ndugu walimtaka mama arudi kwao. Alikataa. "Watoto wangu nimewazalia humu," aliwaambia, "na uzee wangu utanikuta humu." Hakuwa na ombi jingine maishani. Alipika vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni, akaniona namaliza shule, akaniona napata kazi ya kuuza dukani, na alichotaka ni kuendelea kukaa katika nyumba ile.

Masika moja maji yalituama mbele ya mlango wetu siku nyingi. Mama akamwomba balozi wetu wa nyumba kumi amsindikize kwenye ofisi iliyoshughulikia barabara, nami nikaenda nao. Tulipokewa na kijana mpole aliyeinuka kitini na kumpa mama shikamoo kabla ya kuuliza shida yetu.

"Sasa mama, hapo kwenu gari linapita?"

"Gari?" mama alisema. "Hata baiskeli yenye mzigo inapita kwa kuomba radhi."

Kijana alicheka, kisha akaacha. "Basi hiyo si barabara, mama yangu. Gari lisipopita ni uchochoro, na uchochoro tumewaachia wenye nyumba. Kila mmoja anatunza kipande kilicho mbele ya ukuta wake."

"Na maji je, yanajua mpaka wa kila mmoja?" balozi aliuliza.

"Mzee, mimi sikuutunga utaratibu huu," alijibu kijana, na uso wake ulionyesha kwamba anasema kweli.

Nataka niwe mwadilifu hapa, kwa sababu miaka mingi nimetafuta wa kumkasirikia. Utaratibu ule ulikuwa na maana yake. Greda lilikuwa moja, na vijiji vya hadi kule Masagati vililisubiri ili wagonjwa na mazao viweze kutoka. Nani angelileta lichonge kichochoro cha watu wenye miguu yao? Tena wenzetu mtaani waliutii utaratibu huo vizuri kuliko sheria nyingine yoyote. Kila mmoja alijaza kipande chake. Tatizo lilianzia hapo hapo kwenye utii.

Fikiria hivi. Pumba hazikai kama mawe. Mwaka huu unamwaga, zinaoza, zinashuka kidogo. Mwaka ujao unamwaga juu yake. Njia inapanda taratibu, na wewe unayeipita kila siku huoni. Majirani wa kushoto walipandisha chao, wa kulia wakapandisha chao, na wote walikuwa wamejenga baadaye, kwenye misingi mirefu. Nyumba yetu sakafu yake ilikuwa chini. Nilipokuwa mdogo tulipanda kuingia ndani. Nilipokuwa msichana tuliingia sawasawa. Nilipoanza kazi tulikuwa tunateremka.

Kwa hiyo mama alibaki bila pa kushika. Akijaza kipande chake, maji yataingia mlangoni. Asipojaza, kipande chake kinakuwa bakuli la uchochoro mzima, na matofali mabichi yanakunywa maji kutoka chini. Alishauri wachimbe mtaro mmoja wa pamoja hadi mwisho wa safu za nyumba. Balozi aliitisha kikao. Walikuja, wakakaa, wakamsikiliza kwa heshima. Lakini mtaro ungepita mbele ya kila nyumba na kufukua pumba za miaka yote, na waliokuwa juu hawakuwa na maji ya kuwasumbua. Wakasema watalifikiria.

Fundi baiskeli, aliyekaa nyumba iliyotukabili, alikuwa wa kwanza kununua vitumbua kila asubuhi, na alivinunua kwa maneno mengi. "Mama, leo kambale amegonga hodi?"

"Hajagonga bado. Akigonga nitamkaribisha kwenye kikaango. Wewe lete mafuta."

"Mafuta ninayo, ila ni ya mnyororo."

Mama alicheka hadi akashika mlango. Fundi huyo huyo ndiye aliyekuwa na kipande kilichopanda kuliko vyote, kwa kuwa wateja walikuja kwake na baiskeli na hakutaka wakanyage tope. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na juhudi.

Kisha ukaja mwaka wa elinino, na mvua ambazo zingekuja kwa zamu zilikuja zote pamoja. Maji yalifika kwenye ukuta wa mbele yakabaki hapo. Tuliweka viroba vya mchanga. Fundi alikuja na koleo akatusaidia kuchota, balozi pia, wanaume wa mtaa wakachota wakiimba. Waliyachota na kuyamwaga upande wa juu wa uchochoro, nayo yakarudi.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Ilikuwa alasiri, mimi na mama tuko jikoni uani, tukasikia sauti kama ya mtu anayeweka mzigo chini kwa uangalifu. Tulipogeuka, matofali ya mbele yalikuwa yamerudi kuwa udongo. Maji yakaingia sebuleni, yakapita chini ya meza, yakatokea mlango wa nyuma, yakatupita miguuni, yakateremka bondeni. Yalikwenda moja kwa moja, bila kusita popote. Mama alisimama na mwiko mkononi. "Yaani njia yao ilikuwa hapa," alisema.

Kesho yake watu walikuja kutupa pole, na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Walikuja wamevaa viatu. Uchochoro ulikuwa umekauka. Maji yote yaliyokuwa yakituama kushoto na kulia yalikuwa yamepita kwetu. Wanawake walikaa mkekani uani na kulia pamoja na mama, na walilia kweli. Fundi baiskeli alibaki nje. Alinunua vitumbua ambavyo hatukuwa tumepika, yaani aliweka pesa kizingitini akaondoka bila neno.

Juma lililofuata balozi alikuja akiwa na wazee wawili wa mtaa. Alizunguka sana, akauliza habari za afya, za mjomba wangu wa Kisawasawa, za mvua. Mama ndiye aliyemsaidia.

"Mzee mwenzangu, sema. Mnataka nisiujenge tena ukuta."

Balozi aliangalia mikono yake. "Tukiyapa maji upenyo hapo katikati, nyumba zote zinapona. Tungechangishana tukujengee chumba huku pembeni, mama. Kimoja, kizuri."

"Na mfereji unapita mlangoni?"

"Unapita mlangoni."

Mimi nilitaka mama aseme hapana. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Aliniwekea mkono gotini kabla sijafungua mdomo.

"Chimbeni," alisema. "Lakini mimi sitakaa kando ya mfereji nikiangalia sebule yangu ikipitisha maji ya watu. Nitakwenda kwa mdogo wangu."

Walichimba wote, hata waliokuwa juu. Fundi baiskeli aling'oa fremu za milango moja moja, bila kuvunja hata moja, akazifunga kwenye gari lililompeleka mama Kisawasawa. Kule, chini ya milima, ardhi ina mteremko na mvua haikai. Mimi nilibaki mjini kwa sababu ya kazi, nikapanga chumba upande mwingine.

Nilikuwa namtembelea kila nikipata nafasi. Nilimkuta akipepeta mchele barazani kwa mjomba, akiwa mgeni anayejitahidi kutochukua nafasi kubwa. Swali lake lilikuwa lile lile.

"Kule mtaani kukoje? Maji yanatuama?"

"Hayatuami, mama. Kumekauka."

"Hata kwa wale wa mwisho?"

"Hata kwao."

"Vizuri," alisema, akarudia ungo wake. Habari za nyumba hakuniuliza hata mara moja, nami sikujua namna ya kuzianza.